Zamu ya Usiku, Ntinda

Ghorofa ya tatu. Saa nane za usiku.
Feni inalia kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.
Kwenye skrini fedha za watu zinapita
bila kelele, mstari juu ya mstari:
karo ya Soroti, mahari ya Masindi,
elfu tano za umeme,
elfu mbili za kumwomba mtu radhi.

Sura zao sizioni. Naona mwendo wao tu.
Na mwendo, ukiukeshea miaka minne,
unakuwa kama kikohozi cha jirani:
unajua ni cha nani,
unajua na siku ambayo si chake.

Biira Yosefina. Bwera, mpakani. Muuza kahawa.
Kila Ijumaa, gulio likivunjika,
elfu themanini kwa mjukuu aliye bweni.
Haijawahi kuwa themanini na moja.
Saa mbili usiku namba yake hulala.

Leo imeamka saa nane na dakika kumi na nne
ndani ya simu isiyoijua,
mahali ambapo miguu yake mama haijakanyaga.
Imetuma shilingi mia tano kwa mgeni.
Mia tano tu.
Kisha kimya.

Hapo nywele zilinisimama.
Mwizi haanzi kwa kupakua. Huonja mchuzi kwanza
kwa ncha ya kijiko,
akisikiliza kama mwenye nyumba atakohoa.

Nikakohoa.
Kitufe kimoja, na mlango ukafungwa,
laki nne na tisini zikiwa kizingitini.

Kulipokucha nikampigia kwa simu ya wakala wake.
"Mama, naitwa Tumwebaze, natoka kampuni ya..."
Hakuningoja nimalize.
"Mwizi wewe! Na sauti umeilainisha!
Namba ya siri hata marehemu mume wangu sikumpa,
nikupe wewe, mtoto wa watu?
Nenda kalime!"

Nikacheka peke yangu hadi mlinzi akachungulia.
Chai ilikuwa imeshapoa, imefanya ngozi.
Nikavuta daftari la zamu, nikaandika kwa kalamu:

Laini ilisajiliwa upya kwa kitambulisho cha kughushi.
Akaunti imezuiwa. Hasara: shilingi mia tano.
Mteja yu macho kutushinda.
Apigiwe tena saa nne, na mtu mwingine.
Mimi nimeshatukanwa.