Ncha ya Mzizi

Saa nane usiku, stesheni ya Tabora,
mabehewa yalifunguliwa: haya Mwanza, yale Kigoma.
Dada Nyamizi akaenda na yale.
"Seli nayo hugawanyika hivyo hivyo,"
Mwalimu Mihayo alisema darasani, nami nikaandika.

Leo, jicho kwenye hadubini,
kitunguu kimetiwa rangi,
naona alikosea.
Treni hugawa abiria.
Seli hunakili kwanza kila kitu, hata kosa la tahajia,
ndipo kromosomu zijipange mstari,
nyuzi zizivute huku na huku,
ukuta upite kati.
Habaki mtu jukwaani akipunga kanga.

Kidole nilichokikata kwa wembe
nikichanja mzizi huu
kinawasha chini ya plasta.
Kinajijaza,
hakijaniuliza.