Chini ya Ngazi, Tartu

Kampuni ilipopandisha ada mara ya tatu
nilisema basi, picha zetu zinarudi nyumbani.
Nikanunua kompyuta kuukuu iliyostaafu ofisi ya posta,
kibandiko cha namba bado kiko ubavuni,
nikaipachika diski mbili, pacha:
anachoandika huyu, mwenzake anakiandika.
Nikaiweka chini ya ngazi,
kati ya mitungi ya matango ya siki
na viatu vya theluji visivyo na wenyewe.

Ülle, dada yangu, alicheka kutoka Oulu:
"Umeajiri mlinzi wa picha? Unamlipa nini?"
Umeme, nikamwambia. Na kupanguswa vumbi Jumamosi.

Usiku kucha zilishuka,
faili elfu arobaini na moja mia tatu na sita,
polepole, kama bomba lililofungwa nusu:
harusi iliyofunikwa na kidole gumba cha mpiga picha,
risiti, miguu, risiti,
uyoga wa kila namna ambao baba alitaka
tumthibitishie kwamba hauui,
Taavi bila meno ya mbele, Taavi na meno,
Taavi amegeuza uso, hataki tena kupigwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Basi nikaketi na daftari, majira yote ya mvua:
mwaka, mahali, nani huyu, nani yule aliyekatwa kichwa.

Akiba haiozi, wanasema.
Waliosema hawakuwahi kumiliki diski.
Februari, nje nyuzi ishirini chini ya sifuri,
mmoja wa pacha alianza kugonga ulimi,
tk, tk,
kama shangazi asiyependezwa na posa.
Alfajiri alikuwa kimya.
Nikashuka na soksi mbilimbili, tochi mdomoni,
nikamchomoa, nikamweka mgeni mahali pake.
Saa tisa nzima aliyebaki alimsimulia mgeni
kila kitu tangu mwanzo,
bila kuruka hata risiti.
Sijawahi kuona mfiwa wa namna ile.

Ndani ya boksi kuna programu ya kutambua nyuso.
Majina haiyajui. Inalinganisha pua na pua,
kisha inauliza, kwa adabu ya karani.
Jana imeniletea nyuso mbili, bega kwa bega:
mama, 1987, kando ya mto Emajõgi,
kitambaa cha madoa kichwani, jua machoni;
na mimi, wiki mbili zilizopita,
nimepigwa bila kujua, namenya viazi.
Ikauliza: Je, huyu ni mtu mmoja?
Chini yake vitufe viwili. Ndiyo. Hapana.

Sikumsikia baba akishuka.
Tangu tumzike mama hajakanyaga huku,
matango humletea mimi.
Alisimama nyuma yangu, miwani machoni,
miwani mingine kaisahau utosini,
akasoma swali kwa sauti, mara mbili,
kama anayesoma barua ya serikali.
Akanyoosha mkono.
Nilidhani ataugusa uso.
Akagusa ubavu wa boksi.
"Lina joto," alisema. "Matango yataharibika.
Yahamishe."

Nimeyahamisha matango.
Swali liko palepale, halina haraka,
nami nikipita na kapu la nguo
nalitazama kama mtu anayemdai jirani,
kisha napanda ngazi.

Usiku huu nakala inakwenda Oulu,
kwa Ülle, ambaye hacheki tena:
amenunua boksi lake, ameliweka kabatini,
anauliza kila nusu saa imefika wapi.
Imefika 2011.
Imefika jikoni, kwenye sekunde kumi na moja
za sakafu, kucha za paka, ncha ya aproni,
mama kaishika simu kichwa chini,
anamuuliza mtu ambaye haonekani:
Hii inarekodi? Eti, inarekodi hii?