Kikuku

Hakimu alitumia dakika mbili na nusu.
Niliitazama saa ya ukutani
maana usoni pake hapakuwa na cha kutazama.
Kaka yangu Alcide alikuwa ndani ya runinga,
anapepesa macho, hajui kamera iko wapi.

Waya wa shaba, wakasema, nusu lori,
kutoka jengo asilowahi kulipita hata kwa basi.
Dhamana: dola elfu tano. Anayefuata!

Sheria ikasema: hana hatia.
Benki ikasema: hana kitu.
Kati ya hana na hana
lango likajifunga.

Hapa Shreveport, hatua chache kutoka gerezani,
Bwana Fontenot huuza funguo. Taa yake haizimwi.
Unampa mia sita, yeye anaiahidi mahakama elfu tano,
na mia sita zako
hazirudi, hata mtu wako akiwa safi kama maji ya mvua.

Nikauza friza.
Kabla mnunuzi hajafika tulipika vyote vilivyokuwemo:
kambale, bamia, kamba kilo nne.
Majirani walikula wakilamba vidole.
Bi Oralee akasema, mdomo umejaa:
kamba tumewamaliza, bado kamba iliyomfunga.

Alitoka siku ya kumi na tisa.
Sinki lake la vyombo pale hotelini
lilipata mikono mingine tangu siku ya nne.

Na mguuni, kikuku.
Cha bibi harusi hulia akitembea;
hiki cheusi hakilii, kinasikiliza.
Dola tisa kwa siku, analipa yeye
ili achungwe.
Asivuke reli. Kanisa liko ng'ambo ya reli.

Kila saa tatu usiku alikaa sakafuni,
pale pale lilipokuwa friza,
mguu umechomekwa ukutani kama pasi.
"Chaji juu ya chaji," alisema,
akacheka peke yake.

Mwezi wa saba mwendesha mashtaka aliandika mstari mmoja:
ushahidi haupo.
Kikuku kikakatwa kwa mkasi wa kawaida, ule wa karatasi.
Hapakuwa na pole. Hapakuwa na chenji.

Ngozi pale mguuni imebaki laini, ya kitoto.
Jana saa tatu nimemkuta chini, kando ya soketi,
suruali ameikunja mguu mmoja.
Sikumuuliza.
Nilivuta kiti, nikakiacha,
nikakaa sakafuni.