Iseabail

Walimmiminia risasi tani themanini mkukuni
kwenye baridi ya mwaka thelathini na tatu, kando ya mto Clyde.
Dugald McCaig, seremala, alipuliza vidole
akarudia randa yake.

Aliyelipa ni tajiri wa nyuzi, mtu wa Paisley.
Alilitaka kombe la Wamarekani, basi,
kama mtoto anavyoutaka mwezi.

Wakamvusha Atlantiki akikokotwa kwa kamba.
Mbio nne: mbili akachukua, mbili akaachia.
Ya tano, mbele ya Newport, upepo ukakata
yeye akiwa anaongoza.
Sekunde arobaini na moja.
Nahodha aliingia hotelini na buti zake, akalala nazo.

Kisha vita. Wakaja wenye karatasi na mihuri,
wakamkata mkuku:
risasi ikaenda kuwa risasi.
Mlingoti ukawa nguzo ya simu huko Largs.

Kiwiliwili kilisukumwa kwenye tope la Essex.
Bi Winifred Pask aliishi humo miaka ishirini na sita,
kuku wakitaga penye usukani,
vitunguu ndani ya ndoo,
wala hakuna aliyemuuliza habari za kombe.

Juzi mafundi waling'oa mbao za chini kabisa.
Tezi na omo keshakwenda; marejeo, kweli, ngamani:
mwandiko wa penseli, haujafutika.
"Nimepima mara mbili. Mke wangu kajifungua leo. Msichana."

Msichana huyo ni mama yangu.
Hata feri ya Dunoon humtapisha.