Herufi Z

Wameitia ndani ya kioo, ukumbi wa manispaa, Masindi:
TUMECHOKA KUZIKA. TUKUTANE MTONI. NITAKUJA BILA BUNDUKI.
Watoto wa darasa la sita huikariri.
Kila mwaka balozi fulani huisoma, sauti ikimtetemeka.
Chini yake wameandika: Simu ya Amani, saa nane usiku.

Saa nane usiku zamu ilikuwa yangu, mimi Kabahweza,
mimba ya miezi saba ndani ya sweta la posta,
mshumaa ndani ya kopo la siagi.

Mashine yetu haikuwa na Z.
Kitufe kilivunjika wiki ya Pasaka. Fundi aliahidi kuja,
vita vikamtangulia.
Tukapiga S. Kampala wakatucheka,
wakidhani ni ulimi umetushinda,
kana kwamba Kinyoro hakina Z,
sisi ambao kuzaa kwetu ni okuzaara!
Tulituma Musungu, tulituma mwesi ujao,
Isingoma alipofiwa tukatuma Asikwe kesho.
Basi hii KUZIKA,
Z yake imekakamaa kama askari wa gwaride,
nani aliipiga?

Kijana wa makumbusho akasema, Mama,
huenda fundi alikuja usiku.

Aliyekuja ni ofisa mwenye viatu vilivyochanika,
anatafuna hindi la kuchoma, ananisomea:
DISELI MAPIPA SITA. VIATU. HARAKA.
Nikatuma. Akasimama mlangoni kitambo,
gunzi mkononi,
kama mtu aliyesahau neno.
Kisha akaenda.
Labda neno hilo alilisema kwingine,
penye mashine nzima. Sijui.
Najua tu halikupita vidoleni mwangu.

Mwalimu Tibamwenda ananisihi ninyamaze:
uongo huu haujaua mtu, Mama, tuachie.
Namwelewa. Hata mimi, nikipita pale,
husoma mpaka mwisho.

Lakini yule wa tumboni nilimwita Zakaria.
Alipozaliwa nilimpigia baba yake simu, kambini, kwa mkono wangu:
SAKARIA AMESALIWA. MSIMA. ANA MASIKIO YAKO.
Ikarudi baada ya siku tisa, imegongwa muhuri:
mpokeaji hayupo.
Ninayo, ndani ya Biblia, imekunjwa mara nne.
Hiyo haijawekewa kioo.