Boriti ya Msikiti

Mwezi uliopita walitujia na mchanga,
wanaume arobaini wa ng'ambo ya mto,
wakatumwagia zege la sakafu ya kanisa.
Nguruwe tuliwafungia mbali, kwa heshima.
Leo zamu yetu.
Mababu walikula kiapo bila kutuuliza sisi:
nyumba ya ibada ya mmoja
haisimami pasipo jasho la mwenzake.

Basi nimeamka, mimi Otniel Sahetapy,
shemasi, seremala, bingwa wa kupinda misumari,
nikatia msumeno begani.
Yosina yuko nyuma na kopo la gundi.
Hatujavuka daraja, anauliza:
"Baba, Allah wao ndiye Allah wetu?"

Huku Maluku jina ni hilo hilo.
Mchungaji hulitaja mimbarini, muadhini mnarani,
bibi zetu walilikuta mdomoni kama mate.
Nikamwambia, "Angalia, ubao huo umeoza."
Jibu la mtu mzima aliyekosa jibu.

Juu ya paa, Djabir Tuanaya kashika ncha ya mashariki,
mimi ya magharibi,
katikati yetu mita nane za mti mgumu kama chuma.
"Ninyi mnasema Mungu kazaa," akasema, bila ugomvi,
kama anayeuliza bei ya kungumanga.
"Hatusemi hivyo unavyosikia."
"Mnasemaje basi?"
Nilikuwa na misumari mdomoni. Nikaitema.

Nikamwambia: Ninayemwomba alishika randa.
Anajua kibanzi kinavyochoma chini ya ukucha.
Na alipigiliwa, Djabir, si kwa mfano,
kwa misumari; mimi naijua misumari.
Akatikisa kichwa polepole.
"Mkuu hapigiliwi."
"Alikubali mwenyewe."
"Mkuu hakubali hayo."
Boriti ikaegemea mabega yetu, ikanyamaza nasi.

Hapo ndipo tunapoachana, sifichi.
Si tofauti ya kofia na tai.
Niondolee msalaba
na maombi yangu ni mtu anayeongea na dari.

Lakini mto ule chini, nani kauumba?
Wawili, mmoja ukingo huu, mwingine ule?
Nimeuvua tangu utoto, sijakuta mshono majini.
Djabir huinama alfajiri kwa Aliyeufanya.
Barua isiyojua sura ya mwenye nyumba,
je, hufika?
Sijui. Mimi si posta.

Mkono wake wa kushoto hauna vidole viwili.
Ni vya mwaka wa moto,
kanisa letu Jumatatu, msikiti wao Alhamisi.
Nilikuwa na miaka ishirini, na panga.
Sote tulipaza jina lile lile
tukikimbiliana gizani.
Kama jina peke yake lingetosha kutufanya ndugu,
lingetosha usiku ule.
Vidole vile sijawahi kumuuliza.
Naye panga langu hajaniuliza.

"Haya, tatu," akasema. Tukainua.
Ikakaa kwenye kitako chake kwa mlio mmoja
na wanaume wa chini wakapiga makofi,
wangu na wake, sikuweza kuwatenganisha kwa viganja.

Jioni, darajani, Yosina hakuwa amesahau.
"Hukunijibu."
Nikatua msumeno.
"Mungu ni mmoja. Hakuna wa akiba.
Mimi nimemjua kwa Yesu,
sina njia nyingine, wala siitafuti.
Djabir anamjua kiasi gani,
hilo namwachia Mwenyewe."
"Na Djabir anasema hivyo juu yako?"
"Huenda."
Akafikiri hatua kumi na mbili; nilizihesabu.
Kisha akatikisa kopo sikioni.
"Gundi imeganda, Baba.
Hatukufunga kifuniko."