Aliyebaki Nyuma

Deolinda huhesabu kwa vidole vya mkono mmoja,
wa pili umeshika lango.
Asubuhi walipanda mia moja kumi na mbili.
Jioni, ukungu ukimwagika mlimani Montesinho
kama maziwa yaliyoshinda sufuria,
wakaingia mia moja kumi na mmoja.
Na mbwa wawili.
Walitoka watatu.

"Trovisco katoroka," akasema Aurélio, akivua buti.
"Nilikwambia. Mbwa asiyekimbiza hata sungura ana walakini."

Mkewe hakujibu.
Trovisco alizaliwa zizini,
joto la kwanza alilolijua lilikuwa la sufu.
Hakuingizwa jikoni. Hakupewa jina mpaka masika.
Pembe za dume mzee ndizo zilizomtia adabu:
usikimbie kati yao, usiwakodolee macho,
ukitaka kupita, inamisha kichwa,
wewe wa kilo sitini, omba njia.

Hawaswagi kondoo, wala hawapangi.
Mgeni humkuta juani, kajinyoosha, akamwita mvivu.
Lakini hulala palipoinuka,
na upepo ukigeuka, naye hugeuka.
Alfajiri huzunguka malisho, akakojolea jiwe, akakojolea mwaloni:
barua fupi,
hapa pana wenyewe.

Na huyo anayeandikiwa
sisi humwita mbwa mwitu.
Neno la kwanza ni lao wote wawili.
La pili ndilo ukuta.

Usiku ule kulibweka, mbali, upande wa korongo.
Kimya. Tena.
"Mbwa wa watu," akasema Aurélio, akageukia ukutani.
Deolinda alikaa kitako kitandani
hadi kubweka kukawa mkwaruzo,
na mkwaruzo ukaisha.

Kulipopambazuka alichukua fimbo na kipande cha mkate.

Alimkuta yule jike mwenye doa jeusi puani
chini ya mwaloni ulioanguka,
na ubavuni pake kitu chenye miguu mirefu kuliko akili,
kinatetemeka, kinanyonya.
Trovisco alikuwa hatua kumi mbali. Tisa, mama angepiga kwato chini.
Kawapa mgongo. Uso kautoa kwenye ukungu.
Mama alipozaa akasogea, naye alijongea mara moja,
akala kondo la nyuma, akalamba hata nyasi,
harufu isije ikaita mtu,
akarudi kwenye hatua zake kumi.

Deolinda alimpapasa shingo, mbavu, mapaja.
Hakuna jeraha. Miiba ya ukosi wa chuma
ilikuwa na umande tu.
Ila tope lilisema:
nyayo za watatu, labda wanne,
zimekuja, zimesimama, zimezunguka, zimesimama tena,
na kila zilipojaribu upande
palikuwa na wayo mmoja mpana
uliokwisha kufika.
Usiku kucha, na hakuna aliyeumwa.
Kazi yote ilikuwa kuwa katikati.

Alifungua kinywa kumsalimu; sauti haikutoka.
Mkate aliunusa, akauacha,
mpaka mwanakondoo alipobebwa, mama akafuata,
ndipo akaumeza bila kutafuna, akaja nyuma yao.

Langoni Aurélio alihesabu yeye mwenyewe.
Mia moja kumi na tatu.
Akahesabu tena.
Kisha akasogea pembeni, kofia mkononi,
akainamisha kichwa kidogo
mbwa apite.